Ufadhili wa uzamifu: mambo ambayo kijana wa Pwani afaa kuyajua mapema

Ninaishi Mountain View, mtaa ulioko kando ya Waiyaki Way, jirani na Kangemi. Nimefundisha chuo kikuu huku bara kwa miaka kadhaa, na kwa kuwa watu wa nyumbani wanajua niko hapa, simu yangu haipumziki. Mmoja ametumwa na mjomba wake wa Kisauni, mwingine amepewa nambari na mwalimu wake wa zamani Malindi, mwingine ni binti wa jirani yetu wa Likoni. Wote huja na swali moja: "Mwalimu, nataka kusoma PhD. Nipate wapi skolashipu?"

Mimi hulihesabu hilo kuwa swali la tatu. La kwanza ni kwamba unataka kutafiti nini. La pili ni nani atakusimamia. Wanaoanza na la tatu nimewaona wakijaza fomu mwaka baada ya mwaka, wakilipia nakala na mihuri, na majibu yakiwa ni yale yale ya "tunasikitika kukujulisha". Nimeandika haya ili kijana aliye Kwale, Lamu au Taveta ayasome kwa utulivu kabla hajapiga simu. Kupiga simu bado ruhusa.

Uzamifu, yaani PhD, ni shahada ya tatu baada ya ile ya kwanza na ya uzamili. Tofauti yake na zilizotangulia ni kwamba hapa husomi ili ujue yale wengine wanayoyajua. Unatakiwa utoe jambo jipya, uliandike kwenye tasnifu, kisha ulitetee mbele ya jopo la wataalamu. Katika vyuo vya Kenya muda wa chini kwa kawaida ni miaka mitatu, ila wanaomaliza kwa mitatu ni wachache, hasa wale wanaojilipia huku wakifanya kazi. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa kanuni kwamba anayeajiriwa kuwa mhadhiri awe na uzamifu, na waliokuwa kazini bila shahada hiyo wakapewa hadi 2018 waitafute. Ndipo tulipoona mbio: watu wazima, wenye watoto vyuoni, wakirudi darasani usiku. Kanuni hizo hizo zikaleta sharti la mwanafunzi wa uzamifu kuchapisha makala mbili kwenye majarida yaliyopitiwa na wataalamu kabla ya kuhitimu. Nitalirudia sharti hilo, maana limewaponza wengi.

Hao wa mbio nawataja kwa sababu ndio wanaotuonyesha gharama ya kuanza vibaya. Namjua bwana mmoja wa Kwale, mtu hodari, aliyejiandikisha katika chuo kimoja huku bara kwa pesa za harambee. Karo ya mwaka wa kwanza ilitoka kwa ukoo, ya pili kwa mkopo wa sako. Mwaka wa tatu msimamizi wake alistaafu, na chuo kikachukua miezi mingi kumpa mwingine. Msimamizi mpya akataka mada ibadilishwe. Leo yule bwana ana deni la sako, ana sura mbili za tasnifu kwenye kompyuta, na anafundisha vipindi vya kulipwa kwa saa. Pale kijijini bado wanamwita daktari. Akili hakukosa hata kidogo. Alikosa mtu wa kumwambia, kabla ya harambee, maswali ya kuuliza.

Mtu kwanza

Tukiangalia wale waliotutangulia, habari ni hiyo hiyo. Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa aliyezaliwa 1933, hakupata matokeo ya sekondari ya kumwingiza Makerere. Alikuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, MIOME, pale ambapo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na hotuba aliyoitoa hapo ikamfikia gavana wa wakati huo, Philip Mitchell. Kutokea hapo njia ya ufadhili wa kwenda Uingereza ikafunguka. Shahada ya kwanza aliipata Manchester 1960, ya pili Columbia 1961, na uzamifu wake Oxford 1966. Matokeo yale yale yaliyomnyima Makerere hayakubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mtu mwenye uwezo alimsikia akieleza jambo.

Wangari Maathai naye alikwenda Marekani 1960 kwa ule mpango wa ndege za wanafunzi ulioongozwa na Tom Mboya, akasomea Kansas kisha Pittsburgh. Aliporudi 1966 akiwa na barua ya kazi mkononi, aliambiwa kazi amepewa mwingine. Aliyemwokoa ni profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann wa Giessen, aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo Nairobi na akahitaji msaidizi anayejua kazi ya maabara. Hofmann akamchukua, akamhimiza aendelee, na 1967 Wangari akaenda Ujerumani kwa utafiti. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Nairobi kikampa uzamifu, na akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kuwa na shahada hiyo. Watu humkumbuka kwa miti na kwa Tuzo ya Nobel ya 2004. Mimi humkumbuka kila nikipita Chiromo, kwa sababu ya yule profesa aliyeuliza "unajua kufanya nini?" na akapata jibu.

Hapa nitenganishe mambo mawili yanayochanganywa. Msimamizi ni yule ambaye chuo kimemwandika rasmi akuongoze na asaini karatasi zako. Mlezi wa kitaaluma ni mtu yeyote aliyetangulia ambaye amekubali kukushika mkono: anasoma rasimu yako, anakuambia ukweli, anakutaja mahali usipokuwapo. Msimamizi mmoja au wawili wanatosha. Walezi wawe wengi kadiri unavyopata, na si lazima wawe maprofesa. Mwanafunzi wa uzamifu aliye mwaka wa tatu atakusaidia kuandika ombi kuliko profesa aliyeandika la kwake miaka thelathini iliyopita.

Unampataje? Kwa kusoma. Ukisoma makala kumi kuhusu jambo unalolitaka, tuseme mikoko ya Gazi au lahaja ya Kipate, utaona majina matatu au manne yanayojirudia. Hao ndio watu wako. Soma zaidi walichoandika karibuni, uone wanabishana kuhusu nini, halafu waandikie mmoja mmoja. Barua ya kwanza isizidi aya nne. Sema wewe ni nani na umesoma wapi. Taja kazi yake moja uliyoisoma na swali ambalo imekuachia. Eleza kwa sentensi tatu unachotaka kutafiti na una nini mkononi cha kuanzia, kama data za uzamili, ujuzi wa lugha ya mahali au uzoefu wa maabara. Mwisho muulize kama anachukua wanafunzi mwaka ujao. Ambatisha wasifu wa kurasa mbili, basi. Pesa usizitaje; yeye anajua, na akikupenda atazitaja mwenyewe.

Barua nyingi zinazokuja kwangu zinaanza na "Mheshimiwa Bwana au Bibi", zimetumwa kwa watu hamsini kwa mpigo, na hazisemi mtu anataka kusoma nini ila kwamba "ni ndoto yake tangu utotoni". Hizo hufutwa. Wala si kiburi. Profesa anayepokea barua ishirini kwa wiki anatafuta dalili moja tu kwamba aliyeandika amesoma. Usipojibiwa, ngoja wiki mbili, kumbusha mara moja kwa adabu, kisha endelea na mwingine.

Barua za mapendekezo ni mlango mwingine ambao vijana wetu hukwama. Fomu nyingi zinataka barua tatu kutoka kwa waliokufundisha. Sasa mtu amehitimu, amepotea miaka sita, halafu Jumanne moja anapiga simu: "Mwalimu, barua inatakiwa Ijumaa." Mwalimu hamkumbuki. Ataandika mistari mitano ya heshima, na mistari mitano ya heshima ni sawa na kukataliwa. Kuna binti mmoja wa Malindi ambaye kila Idi alikuwa akimtumia mwalimu wake wa uzamili salamu fupi, na chini yake mstari mmoja kuhusu kazi anayofanya. Hakuomba kitu miaka mitatu. Alipoomba, barua yake ilikuwa kurasa mbili zilizojaa mambo mahususi, na aliyeniambia hivyo ni mmoja wa waliokaa kwenye jopo. Mpe anayekuandikia mwezi mzima, rasimu ya pendekezo lako, wasifu, na tarehe ya mwisho iliyoandikwa wazi.

Miaka miwili kabla

Nawaambia wote wahesabu miaka miwili tangu siku ya kuamua hadi siku ya kuanza masomo. Wengine huona ni kuchelewa. Miaka hiyo ndiyo inayojenga ombi.

Kazi bora ya kipindi hicho ni kuwa msaidizi wa utafiti mahali ambapo utafiti unafanywa kweli, na hapa Pwani hatuko mbali nazo. Kilifi kuna mpango wa KEMRI na Wellcome Trust ulioanza 1989, ambao umelea watafiti kuanzia wahitimu wapya wanaokuja kujifunza kazi hadi wa uzamifu na zaidi, na una ushirikiano wa mafunzo na Chuo Kikuu cha Pwani palepale mjini. Mombasa kuna taasisi ya utafiti wa bahari na samaki, KMFRI. Zanzibar kuna jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya Hindi magharibi, WIOMSA, ambayo hutoa ruzuku ndogo za utafiti, pamoja na za kuwasaidia wanafunzi walioko katikati ya tasnifu. Hizo ruzuku ndogo msizidharau. Anayeonyesha kwamba amewahi kupewa pesa kidogo, akazitumia na akatoa ripoti, huaminiwa zaidi na mwenye pesa nyingi.

Ukija Nairobi, upande huu wetu wa magharibi umejaa. Kutoka hapa Mountain View matatu moja inakufikisha Uthiru, ilipo taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, inayopokea wanafunzi wa shahada za juu kwenye maabara zake. Kampasi za Chuo Kikuu cha Nairobi za Upper Kabete na Lower Kabete ziko upande huu huu. Kitisuru kuna kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya, APHRC. Kasarani, ng'ambo ya pili ya jiji, kuna icipe, taasisi ya wadudu aliyoianzisha Thomas Odhiambo 1970, ambayo imekuwa ikilea wanafunzi wa uzamifu tangu miaka ya 1980. Kwa watu wa historia, akiolojia na lugha, kuna taasisi ya Waingereza ya utafiti Afrika Mashariki, BIEA, pale Kileleshwa, ambayo imechimba sana magofu ya Pwani yetu na huwa na mpango wa kuwachukua wahitimu wachanga wafanye kazi pamoja na watafiti, na ile ya Wafaransa, IFRA. Maktaba zao peke yake ni sababu ya kupanda basi.

Lile sharti la makala mbili sasa. Usisubiri uanze uzamifu ndipo ujifunze kuchapisha. Tasnifu yako ya uzamili ina makala moja ndani yake, itoe. Mwombe aliyekusimamia muiandike pamoja. Kwa wasio na mtu wa karibu, uko mpango wa bure mtandaoni uitwao AuthorAID, ulioanza 2007, unaowaunganisha watafiti wachanga wa nchi zetu na walezi wenye uzoefu. Nimewaona waliosaidiwa nao mpaka makala ikatoka. Jihadhari na majarida yanayokuandikia yenyewe yakikusifu na kukuahidi uchapishaji ndani ya wiki moja ukilipa. Makala iliyotoka humo hukudhuru kuliko kutokuwa na makala, kwa sababu anayesoma ombi lako analijua jina la jarida hilo. Muulize mkutubi wa chuo kabla ya kutuma.

Na pendekezo la utafiti lenyewe liandikwe upya mara nyingi. Mada kama "Changamoto za elimu Pwani" haina mwisho wala mwanzo. "Kwa nini wasichana wa skuli tatu za kutwa Ganze huacha masomo muhula wa pili wa kidato cha tatu" ni swali ambalo mtu anaweza kulijibu kwa miaka mitatu na kwa bajeti inayojulikana. Nikilisoma la pili najua aliyeandika amewahi kukaa Ganze.

Pesa ziko wapi

Nianze na za karibu, kwa sababu vijana wetu huruka moja kwa moja hadi Ulaya.

CARTA ni muungano wa vyuo na vituo vya utafiti Afrika ulioanzishwa 2008, ukiongozwa na APHRC na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kwa masomo ya afya ya umma na idadi ya watu. Unawalenga wanaofanya kazi katika vyuo na taasisi wanachama, kama Nairobi, Moi, Makerere na Ifakara, na pamoja na pesa kuna semina nne za pamoja ambazo wenzao hukutana na kusomana rasimu. Kwangu mimi, semina hizo ndizo zenye thamani kubwa zaidi.

Kwa sayansi na teknolojia kuna mfuko wa RSIF, unaosimamiwa na icipe tangu 2018. Unasomea chuo cha nchi nyingine ya Afrika, halafu sehemu ya utafiti unaifanya kwenye taasisi ya ng'ambo. Miongoni mwa vyuo wenyeji ni Sokoine cha Morogoro na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, ambapo mtu wa Pwani hatapata shida ya lugha wala ya chakula. Kwa kilimo kuna RUFORUM yenye makao Makerere, iliyoanza 2004. Wachumi wana AERC ya hapa Nairobi, iliyoanzishwa 1988, na mpango wake wa pamoja wa uzamifu ulioanza 2002, ambapo wanafunzi wa vyuo mbalimbali vya Afrika huletwa pamoja Nairobi kwa masomo ya uchaguzi. Wajerumani wa DAAD wana ufadhili wa kusomea humu humu Afrika, na mwanya wa kwenda Ujerumani kwa miezi michache. Kwa kawaida wanataka shahada yako ya mwisho isizidi miaka sita. Wangapi wamenijia mwaka wa saba!

Hapa nyumbani, HELB pale Anniversary Towers ina mikopo na misaada kwa masomo ya juu, na Hazina ya Taifa ya Utafiti, iliyoundwa kwa sheria ya 2013, hutangaza ruzuku wakati bajeti inaporuhusu. Basari za kaunti na za maeneobunge kwa kawaida zinaelekezwa kwa sekondari na shahada ya kwanza. Usizijengee hesabu.

Ng'ambo kuna mambo matatu ambayo hayasemwi vya kutosha. Kwanza, Marekani idara yenyewe mara nyingi ndiyo inayokufadhili: inakusamehe karo na kukulipa posho ukisaidia kufundisha au kutafiti, na unaweza kuomba uzamifu ukiwa na shahada ya kwanza tu. Muda wake ni mrefu, miaka mitano au zaidi. Pili, katika nchi kama Norway, Sweden, Uholanzi na kwa sehemu kubwa Ujerumani, mwanafunzi wa uzamifu huajiriwa. Nafasi hutangazwa kama kazi, na ina mshahara. Anayetafuta neno "skolashipu" peke yake hazioni nafasi hizo kabisa. Tatu, Uingereza ni vigumu kuingia bila msimamizi aliyekubali kwanza, na baadhi ya fedha zake za Jumuiya ya Madola zimetengewa nchi zilizo kwenye orodha ya zile zenye maendeleo duni zaidi. Tanzania na Uganda zimo katika orodha hiyo ya Umoja wa Mataifa, Kenya haimo. Soma masharti ya uraia kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Wapenzi wa Kiswahili wasijione yatima katika haya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina TATAKI, ambayo mizizi yake inafika kwenye kamati ya lugha ya 1930, na Bayreuth kule Ujerumani kuna kongamano la Kiswahili kila mwaka. Nenda kwenye kongamano, hata la Mombasa au Zanzibar. Watu wanaokaa kwenye majopo ya kugawa pesa hunywa chai kama wewe.

Ufadhili ukija, usisherehekee kabla ya kusoma barua yote. Karo pekee ni nusu ya safari. Angalia posho ya kuishi, gharama za utafiti uwandani, bima ya afya, tiketi, na kama familia imehesabiwa. Angalia pia kifungu cha kurudi: wengine wanakutaka urudi nyumbani kufanya kazi kwa muda fulani. Na yeyote anayekuomba "ada ya kushughulikia" kwa simu ili akupe ufadhili ni mwizi. Chuo kinaweza kutoza ada ya maombi, hiyo huandikwa wazi na mara nyingi waweza kuomba usamehewe. Mfadhili wa kweli hakuombi pesa.

Yanayokwama nyumbani

Kuna mambo ambayo hayaandikwi kwenye fomu. Mama anauliza, "Utasoma mpaka lini?" Swali la haki, hasa kama wewe ndiye kifungua mimba na wadogo zako wanasubiri. Nimekaa na wazazi kadhaa kwa simu nikiwaeleza kwamba uzamifu wenye posho ni kazi kama kazi nyingine, na kijana anaweza kutuma kitu nyumbani, japo kidogo. Wakielewa hivyo hulainika. Kwa mabinti ni zito zaidi. Mchumba anataka jibu, shangazi wana maoni, na kwenda nchi ya mbali peke yake ni mjadala wa ukoo mzima. Nilichoona kinasaidia ni kumkutanisha mzazi na mwanamke wa Pwani aliyekwisha kusoma na kurudi. Maneno yangu mwenyewe hayajawahi kushinda dakika kumi za mazungumzo hayo.

Halafu kuna majina. Hili ni letu watu wa Pwani, na limewachelewesha vijana wazuri. Cheti cha KCSE kinasema Mohamed, kitambulisho kinasema Muhammad, shahada ya chuo imeongeza jina la babu, na pasipoti haipo. Mfadhili wa ng'ambo hajui kwamba hao ni mtu mmoja. Kuna kijana aliyepata nafasi na akakaribia kuipoteza akihangaika na hati katika wiki tatu za mwisho. Alipona kwa sababu msimamizi wake mtarajiwa aliomba chuo kisogeze tarehe.

Kwa hiyo weka vyeti vyako vyote mezani leo, kimoja kando ya kingine, na usome majina herufi kwa herufi. Yakitofautiana, nenda kwa wakili uandike hati ya kiapo, au kama tofauti ni kubwa, ulize kuhusu kubadili jina rasmi. Omba nakala rasmi ya matokeo yako ya chuo sasa, kwa maana ofisi za masijala hazina haraka. Omba pasipoti kabla hujaihitaji, na kwa wale ambao kitambulisho chenyewe kiliwachukua miaka kukipata, anzeni na mapema zaidi. Vipige picha safi vyote, vihifadhi kwenye barua pepe yako, na nakala moja ibaki kwa mtu unayemwamini nyumbani.